Kununua Sasa au Kungoja: Habari za Sanduku la Michezo

Chama cha michezo cha shule yetu kina sanduku moja la mbao, na ndani yake mna michezo ichezwayo juu ya ubao. Mwaka juzi, mwezi wa Juni, wanachama walihesabu fedha walizozipata kwa kuuza mchicha na mayai, wakaona ni shilingi 58,000. Mara wakaanza kubishana. Wengine walitaka fedha zitumike juma lile lile, wengine walisema, "Tungoje." Nitawaeleza jinsi ubishi ule ulivyokwenda, maana mimi mwenyewe niliuingia nikidhani najua jawabu, nikatoka nina mashaka.

Kwanza niliwaambia wafungue sanduku, watoe kila kitu kilichomo, wakipange juu ya meza. Mtu atakaye kununua na aone kwanza alicho nacho.

Kilichotoka mbele kilikuwa dama, ambayo wengi huiita drafti. Ubao wake ni kipande cha boksi kilichochorwa miraba 64 kwa makaa, na kete zake ni vifuniko vya chupa 24, kumi na viwili kwa kila mchezaji. Haikugharimu hata senti moja, nayo ndiyo iliyochakaa kuliko yote, kwa kuwa huchezwa kila siku.

Ya pili ilikuwa ludo iliyonunuliwa dukani. Mchezo huu asili yake ni pachisi ya Bara Hindi, na kwa sura hii ya ludo uliandikishwa Uingereza mwaka 1896. Ubao ulikuwa mzima, lakini dadu imepotea, na tangu siku ile hakuna aliyeugusa. Nikawaambia ya kuwa Wahindi katika pachisi hurusha kauri, wala hawahitaji dadu. Basi tukaleta kauri sita, tukapatana kwamba zitakazoanguka midomo juu ndizo hatua za kwenda. Ikatokea shida ambayo sikuitazamia: katika ludo mtu hatoki nyumbani mpaka apate sita, na kauri sita kuanguka zote midomo juu ni jambo la nadra sana. Watoto wakarusha na kurusha, hakuna aliyetoka. Baada ya kucheka wakaibadili sheria wenyewe, wakasema nne zatosha. Kwa hiyo tulikuwa tumepata mchezo mpya bila kufungua mfuko wa fedha.

Ya tatu ilikuwa sataranji. Farasi mmoja mweupe hakuwapo, na mahali pake liliwekwa jiwe. Lakini si farasi aliyeuzuia mchezo. Katika darasa zima hakuna aliyejua sheria zake ila mimi, nami kwa mwaka mzima sikukaa nao kuwafundisha. Kosa hilo ni langu.

Sasa tuangalie walichotaka kununua. Wengi walikuwa wameona katika duka la vitabu mjini mchezo wa Monopoly, ambao wachezaji hununua viwanja na kutozana kodi. Bei yake ilikuwa shilingi 55,000. Mchezo huu una historia ya ajabu kidogo. Mwanamke wa Marekani aitwaye Elizabeth Magie alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1904 kwa mchezo wake wa mwenye ardhi, akitaka kuwaonyesha watu jinsi kodi ya ardhi inavyomtajirisha mmoja na kuwafilisi wengine. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikatoa Monopoly, iliyotokana na mchezo ule, na watu wakaupenda kwa sababu ya kinyume: kila mmoja apenda kuwa yule anayetajirika. Sina neno juu ya hayo. Neno langu lilikuwa juu ya saa. Mchezo huo mara nyingi huchukua saa mbili au tatu, na mapumziko yetu ni nusu saa. Nani atakayekumbuka kesho yake kiwanja kilikuwa cha nani?

"Lakini, Mwalimu," akasema mvulana mmoja, "ukiisha dukani je?"

Hofu hiyo si ya watoto wa shule yetu tu. Katika nchi za Ulaya michezo ya namna hii hutungwa kwa wingi mno. Mjini Essen, Ujerumani, tangu mwaka 1983 huwapo maonyesho ya kila mwaka, na michezo mipya huletwa huko kwa mamia. Wapenzi wake wengi wana rafu zilizojaa masanduku ambayo hayajafunguliwa, kwa kuwa walinunua wakiogopa kwamba yatakwisha. Ni kweli kwamba mchezo uliochapwa mara moja kwa idadi ndogo waweza kutoweka. Lakini mchezo unaopendwa na wengi huchapwa tena na tena. Mchezo wa Catan, uliotungwa na Mjerumani Klaus Teuber, ulitoka mwaka 1995, nao ungali unauzwa hata leo. Na Monopoly imekuwapo kwa muda mrefu kupita umri wa babu zenu wengi. Basi nikamjibu yule mvulana ya kuwa kati ya sababu zote za kufanya haraka, hiyo ya kuisha dukani ndiyo dhaifu.

Upande wa pili walitaka bao. Si bao la kununua mjini, bali la kuchongwa na fundi wa kijiji cha jirani, kwa shilingi 45,000. Ninyi mnalijua bao kwa kuliona barazani, lakini wengi wenu hamjui jinsi lilivyopangwa. Lina safu nne, na kila safu ina vishimo vinane, jumla vishimo 32. Kete zake ni 64, nazo kwa kawaida ni komwe. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, yaani sita katika nyumba na mbili mbili katika vishimo viwili vilivyo kando yake. Kete 22 zilizobaki hushikwa mkononi, naye huziingiza moja moja. Hiyo ndiyo sehemu ya kunamua. Kete za mkononi zikiisha, huanza mtaji, na hapo hesabu huwa nzito. Wako wazee waliocheza maisha yao yote, nao bado hushindwa na jambo ambalo hawakulitazamia.

Tulikwenda kwa fundi siku ya Jumamosi. Alitupokea vizuri, akatuonyesha kipande cha mninga kilichoegemezwa ukutani kivulini.

"Shikamoo, Babu. Tumekuja kwa ajili ya bao," wakasema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Bao mtalipata, lakini si sasa. Mti huu haujakauka. Nikiuchonga leo utapasuka. Rudini baada ya miezi minne."

Moyoni nilimshukuru, maana nilikuwa na sababu yangu. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilinunua bao njiani kwa mtu aliyekuwa tayari kuniuzia siku ile ile, wala sikuuliza mti ulikatwa lini. Kabla muhula haujaisha, ufa ulipita katikati ya nyumba, kete zikawa zinakwama humo. Tuliuziba kwa nta, nta ikayeyuka kwa jua. Mwisho wake likawa ubao wa kukatia mboga jikoni kwangu, na mke wangu alisema ya kuwa hata kwa kazi hiyo si zuri. Kwa hiyo niliporudi shuleni nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika: "Tutangoja."

Ndipo aliposimama msichana mmoja wa darasa la mwisho. Huyu ndiye aliyekuwa akiamka alfajiri kumwagilia mchicha, hata siku za baridi. Akasema kwa adabu, macho yake yakitazama chini:

"Mwalimu, miezi minne ni Oktoba. Sisi tunafanya mtihani Septemba, kisha tunaondoka. Mchicha tumelima sisi, na bao watachezea wengine."

Darasa likanyamaza. Nilikuwa nimepima bei, nimepima saa, nimepima hata ukavu wa mti. Jambo hilo sikulipima. Mtu akisema "ngoja", na atazame kwanza ni nani atakayengoja na ni nani atakayepata. Ngoja ya mtu mwenye miaka mitatu mbele yake shuleni, na ngoja ya mtu mwenye miezi mitatu, si ngoja moja.

Tulishauriana siku mbili. Wako waliosema inunuliwe Monopoly mara moja ili wale wa darasa la mwisho wapate furaha yao. Yule msichana mwenyewe alikataa. Alisema hataki kitu cha kumnyamazisha, alitaka bao. Basi tukafanya hivi. Tulimpelekea fundi arubuni ya shilingi 15,000, ili kile kipande cha mninga kisiuzwe kwa mwingine. Kisha chini ya mwembe tukachimba vishimo 32 katika ardhi, tukavisawazisha kwa udongo wa mfinyanzi, na watoto wakaenda kuokota komwe. Walihitaji 64, wakaleta zaidi ya mia. Mzee mmoja aliyekuwa akipita kwenda shambani aliona kazi yetu, akatua jembe, akatufundisha kunamua vizuri zaidi kuliko nilivyojua mimi.

Jambo hili lilitufaa kwa njia nyingine pia. Siku ya kwanza walikuja watoto 26 kuzunguka vishimo. Juma la tatu walikuja tisa. Hao tisa hawakukosa hata siku moja, na watatu kati yao walikuwa wa darasa la mwisho. Hapo tulijua bila kubahatisha kwamba bao likija litachezwa, na litachezwa na nani. Mvua za vuli zilipoanza, vishimo vikajaa maji.

Fundi hakutimiza Oktoba. Bao lilifika katikati ya Novemba. Lilikuwa zito, laini mkononi, na nyumba zake zimechongwa mraba kama ipasavyo. Tulimalizia shilingi 30,000, zikabaki shilingi 13,000, na hizo zingali zinabishaniwa.

Nikampelekea habari yule msichana, kwa kuwa kwao si mbali. Alikuja Jumapili alasiri pamoja na mdogo wake. Hakusema lolote juu ya kungoja, nami sikuuliza. Mpaka leo sijui kama tulimtendea haki. Alipitisha kidole katika kila kishimo, safu kwa safu. Kisha akaketi, akahesabu kete sita akazitia katika nyumba, mbili mbili katika vishimo viwili vya kando, akashika 22 mkononi, akaniambia, "Anza wewe, Mwalimu."

Maswali. Kwa nini ludo ilikaa bila kuchezwa, na kwa nini sataranji? Kama chama kingenunua Monopoly, zingebaki shilingi ngapi? Fundi alikuwa na sababu gani ya kukataa kuchonga mwezi wa Juni? Ungekuwa wewe mwanachama wa darasa la mwisho, ungetoa shauri gani? Andika sentensi kumi.