Mwenzako Akinyolewa

Mugango ni kijiji kilichoko kando ya Ziwa Nyanza, katika mkoa wa Mara. Watu wake wengi ni wavuvi na wakulima. Mkoa huo umepakana na Kenya, kwa hiyo mgeni kutoka upande wa pili si kitu cha ajabu huko.

Katika mwezi wa Agosti, mwaka 2025, nchi tatu jirani, yaani Kenya, Tanzania na Uganda, zilikuwa wenyeji wa mashindano ya kandanda ya Afrika yaitwayo CHAN. Hayo yalikuwa mashindano ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe. Timu ya Tanzania ilianza vizuri. Iliifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 0, na Mauritania bao 1 kwa 0, na Madagaska mabao 2 kwa 1. Kisha ikatoka sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ikawa ya kwanza katika kundi lake. Lakini baada ya makundi huja robo fainali, na hapo desturi ni nyingine: ashindwaye mara moja hutoka, wala hapewi nafasi ya pili.

Ijumaa, tarehe 22 Agosti, watu walijaa katika banda la kuonyeshea mpira. Jioni Kenya ilicheza na Madagaska huko Nairobi. Wakatoka sare bao 1 kwa 1, ikabidi kupigiana penalti, na Madagaska wakashinda 4 kwa 3.

Katika banda alikuwamo mzee mmoja Mkenya, mnunuzi wa samaki. Kijana mmoja wa shule akasimama akamcheka mbele ya watu, akasema, "Mzee, hao Madagaska sisi tuliwafunga! Ninyi mmeshindwaje nao, tena nyumbani kwenu?" Watu wakaangua kicheko. Mzee akanyamaza, akainamisha kichwa.

Usiku ulipoingia, zamu ya Tanzania ikafika. Ilicheza na Moroko katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Katika dakika ya 65 Oussama Lamlioui akaifungia Moroko bao moja. Tanzania walijitahidi hata mwisho, lakini bao halikurudi. Basi banda lote likawa kimya. Wengine wakamlaumu mwamuzi, wengine wakawatukana wachezaji wale wale waliowasifu juma lililopita. Yule kijana akakaa chini akalia.

Mara akahisi mkono begani. Alikuwa yule mzee. Akamwambia, "Pole, mwanangu. Vijana wenu wamecheza kiume."

Kijana akaona haya kuliko alivyoona uchungu wa kushindwa. Kulipokucha akamfuata mzee ufukweni, penye dagaa walioanikwa, akasema, "Shikamoo, mzee. Nisamehe kwa maneno yangu ya jana."

Mzee akajibu, "Marahaba. Yamekwisha, mwanangu. Leo Uganda wanacheza na Senegal. Njoo tuwashangilie pamoja, maana ndio jirani waliobaki."

Wakaenda wote wawili. Uganda nayo ikafungwa bao 1 kwa 0. Hivyo kwa siku mbili wenyeji wote watatu walitoka. Madagaska, waliodharauliwa, walifika hata fainali tarehe 30 Agosti, wakafungwa na Moroko mabao 3 kwa 2.

Kuipenda timu ya nchi yako ni vizuri, na kuhuzunika ishindwapo si aibu. Aibu ni kumcheka aliyeshindwa kabla yako. Wazee walisema: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

MASWALI
1. Robo fainali ina tofauti gani na michezo ya makundi?
2. Kwa nini kijana alimcheka mzee?
3. Ni neno gani lililomtia kijana haya, nalo lilisemwa na nani?
4. Eleza maana ya methali iliyo mwisho wa somo.