Mgahawa wa nyumbani: tafuteni oda za shughuli kwanza

Wengi wetu tuna mgahawa nyumbani. Uko kwa jina la dada au mama, lakini mtaji ni jasho letu la huku Muscat, Doha au Riyadh. Na simu zinafanana: biashara imelala, tuma kidogo tuongeze viti. Kabla hujatuma, uliza kama viti vilivyopo vinajaa. Kama havijai, vipya vya nini? Afadhali chakula kitoke kimfuate mteja kwenye harusi, arobaini, futari, mkutano wa ofisi.

Tuseme dada yako yuko Tanga, kapata oda ya sahani 100 za pilau kwa shilingi 6,000 kila moja. Hiyo ni 600,000. Mchele, nyama na viungo 340,000, wapishi wa kusaidia 60,000, gari 40,000, vyombo vya kukodi 30,000, mkaa 20,000. Jumla 490,000, anabaki na 110,000. Sasa mwenye shughuli anamwambia, "Dada, nipunguzie buku tu." Akikubali, laki nzima imeondoka! Kabaki na elfu kumi kwa usiku mzima wa moshi. Buku linaonekana dogo kwa sababu linatajwa kwa sahani moja. Mteja akilia bei, basi naye abebe kitu. Akileta vyombo vyake na gari lake, hapo anaweza kupunguziwa 700 kwa sahani na dada asiumie.

Kujitangaza kwenyewe hakuhitaji hela nyingi. WhatsApp Business ni ya bure na ina katalogi ya kuweka picha na bei. Picha ziwe za chakula chake mwenyewe, zipigwe mchana penye mwanga. Za kuokota mtandaoni zitamletea ugomvi siku ya shughuli. Bei ziandikwe kabisa: watu 50, watu 100, watu 200. Oda nyingi hupotea kwa sababu mtu kauliza bei asubuhi, kajibiwa jioni. Hapo wewe uliye mbali unasaidia: mwandikie majibu ya maswali ya kila siku, ayahifadhi kwenye simu, akiulizwa anatuma tu.

Halafu awajue wenye kumbi, wapambaji na wapiga picha. Hawa husikia habari za harusi mapema. Wapewe chochote, ila baada ya oda kulipwa. Na asingoje msimu ufike. Pwani harusi huwa nyingi Mfunguo Mosi, kwa hiyo matangazo yaanze Ramadhani, wakati bado anauza futari.

Ofisi ni wateja wazuri lakini wengi hulipa baadaye, tena wanataka risiti ya EFD. Asichukue oda mbili za mkopo kwa mpigo, mtaji utakwama huko na simu itakuja kwako.

Kwa wateja wengine wote, nusu ya malipo iingie kabla ya kwenda sokoni, kwenye Lipa Namba ya mgahawa, siyo namba yake binafsi. Hapo hata wewe ukiomba kuona taarifa ya mwezi hamgombani, maana hela ya mgahawa na ya ada za watoto hazijachanganyika.

Ijumaa hii ukiwa mapumziko mpigie. Kabla hamjaongea habari za kutuma, muombe hesabu ya oda yake ya mwisho, sahani kwa sahani, mkaa na gari ndani.