Chozi Kifua-chekundu: Usianze na Rangi

Ukimwona ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda akinyonya ua la mgomba, usimfananishe na wale ndege wavumaji wa kwenye filamu. Wavumaji wako bara la Amerika tu. Wa kwetu ni chozi. Mtazame miguu: mvumaji hunyonya huku akielea hewani, lakini chozi kwa kawaida hutua kwanza, akashika kikonyo, ndipo akachovya mdomo.

Chozi wa Afrika Mashariki ni wa aina nyingi, na anayeanza kujifunza huchanganyikiwa kwa sababu hukimbilia rangi. Anza na kifua-chekundu, maana huyu hupatikana hata mjini, na fuata mpangilio huu.

Kwanza, angalia ulipo. Kifua-chekundu hupenda miti iliyoachana, kingo za mito, mashamba na bustani. Ukiwa ndani ya msitu mnene, yaelekea unayemwona ni mwingine.

Pili, simama jua likiwa mgongoni. Nenda asubuhi, kisha tazama juu: kilele cha mti, tawi kavu, waya wa umeme. Dume hupenda kukaa mahali pa wazi akirudiarudia wimbo wake, na mwenzake akisogelea maua yake humfukuza. Hata akijiona kwenye kioo cha gari hukigonga akidhani ni mshindani.

Tatu, sasa tazama rangi. Dume ana urefu wa sentimita 15 hivi, mwili wa kahawia iliyokolea karibu na weusi, na kifua chekundu cha kung'aa. Utosini na kooni ana kijani kinachometameta, ila kijani hicho hutegemea mwanga: akigeuka kidogo au akiingia kivulini, kinazimika na kuonekana cheusi. Ndiyo maana rangi haiaminiki peke yake. Ukiwa na darubini, chungulia ule wekundu wa kifua. Utaona vimstari vya buluu ndani yake.

Nne, mtenge na ndugu zake. Katika nyika kavu kama Tsavo yuko chozi mwingine, kwa jina la kisayansi Chalcomitra hunteri, naye pia ana kifua chekundu. Huyo koo lake ni jeusi, na kiunoni ana zambarau. Jike wa kifua-chekundu hana wekundu wowote: ni kahawia, na tumboni ana madoadoa juu ya umanjano hafifu. Ukiona jike anayefanana naye lakini ana mstari mweupe juu ya jicho mithili ya nyusi, huyo ni chozi wa aina nyingine.

Tano, tafuta kiota. Jike hufuma kifuko kinachoning'inia tawini kwa nyasi na majani makavu, akakikaza kwa utando wa buibui, na mlango huuweka ubavuni. Mara nyingi hukijenga jirani na kiota cha manyigu, kwa hiyo tazama ukiwa mbali.

Kama unataka aje kwako, huna haja ya kununua chochote. Panda mishubiri karibu na dirisha, uache na ua la mgomba lisikatwe mapema. Dawa ya wadudu usiipulize hapo, kwani makinda yake hayakui kwa maji ya maua peke yake. Hulishwa wadudu na buibui.