Mbele ya Nyumba Mteremkoni: Maji Kwanza, Maua Baadaye

Pita Shanty Town, Moshi, Oktoba mijakaranda inapochanua, na utatamani mbele ya nyumba yako napo papendeze. Wengi wakishapata hamu hiyo hukimbilia kitalu cha miche. Lakini huku mlimani ardhi imeinama, na kinachoharibu bustani mapema kuliko chochote ni maji ya mvua. Yatafutie njia kwanza.

Masika ikipiga vizuri, toka na mwavuli usimame getini. Tazama maji ya paa yanaangukia wapi, ya barabarani yanaingilia wapi, na yakitoka kwako yanakwenda kwa nani. Chomeka vigingi palepale, maana jua likiwaka utasahau. Mtaro utakaochimba usishuke moja kwa moja na mteremko. Uukate kwa kukingama, ukiinama kidogo tu. Ndivyo wazee wa Kichaga walivyochimba mifongo iliyoleta maji ya mlima hadi vihambani, yaani mashamba yao ya nyumbani.

Kupata usawa hakuhitaji fundi. Funga fito tatu ziwe kama herufi A, kisha ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Simamisha, weka alama kamba inapogusa ufito wa katikati. Geuza miguu, kila mmoja ukanyage ulipokuwa mwenzake, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo: kamba ikitulia hapo, miguu yote miwili iko kimo kimoja.

Siku hizi mtindo ni zege au vitofali kutoka ukutani hadi ukutani. Sababu yake inaeleweka, kwani udongo wetu mwekundu ukilowa huganda kwenye viatu na kuingia hadi sebuleni. Hata hivyo nasisitiza: usizibe uwanja wote. Maji yasiyopata pa kuzama humshukia jirani wa chini, na mjini joto la Januari hurudi kutoka sakafuni hadi dirishani. Tandaza njia ya mlangoni na mistari miwili ya matairi ya gari. Kwingine panda ukoka, na chini ya michirizi ya paa mwaga kokoto.

Kwa uzio, sijaona mmea unaostahili heshima kuliko masale. Ndiyo yaliyoweka mipaka ya vihamba tangu zamani, na kwa Wachaga ndilo jani la kuombea msamaha: aliyekosa akija nalo mkononi, si rahisi kumkatalia. Mgeni anayeyajua mambo hayo akiyakuta getini, ameshakaribishwa. Kuyaotesha ni rahisi. Kata shina lenye urefu wa kiganja hadi kiwiko, liache kivulini siku mbili tatu jeraha likauke, kisha lichomeke kwenye udongo uliolainishwa kwa samadi. Masale hustahimili kivuli, kwa hiyo hata upande usiopata jua hautabaki mtupu. Penye watoto epuka minyaa; utomvu wake ukiingia machoni huleta madhara makubwa.

Nyuma ya uzio, iga kihamba chenyewe. Mpangilio wake wa miti mirefu juu, migomba na kahawa chini yake, ulitambuliwa na FAO mwaka 2011 huko Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mbele ya nyumba ya Marangu au Kibosho, mringaringa mmoja pembeni na mibuni michache chini yake ni bustani kamili: maua meupe yenye harufu ya asmini, baadaye matunda mekundu. Mjini, ambako kuna joto zaidi na mvua kidogo, bogenvilia na mkrismasi vitakufaa zaidi.

Mti mkubwa uwe angalau mita 8 kutoka msingi na karo, na usikae chini ya nyaya za TANESCO. Mikuyu na jamii yake, hata ile ya mapambo, iweke mbali zaidi. Mizizi yake hupasua kuta.

Chimba mashimo Februari, udongo wa juu ukiutenga na wa chini. Panda mvua za Machi zikishalowesha ardhi, ukianza kurudisha ule wa juu uliochanganywa na samadi. Kuanzia Juni mwagilia jioni, mara mbili kwa wiki, na funika udongo kuzunguka shina kwa majani makavu ya mgomba bila kuligusa.