UNENE SI NEEMA KILA WAKATI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Likoni

Tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa mzaha tu. Wahenga walinena kuwa afya ni bora kuliko mali. Methali hiyo tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini sijui ni wangapi wetu walioitia maanani. Somo langu la leo ni unene: unapimwaje, unatoka wapi, una madhara gani, na sisi watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe tufanye nini.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mamangu mzazi. Mama hukaanga mahamri asubuhi na viazi vya karai jioni, hapo hapo kando ya njia karibu na nyumbani. Karai hilo ndilo linalonilipia karo, na sare hii niliyovaa imetoka humo. Mwaka jana alianza kuumwa na kichwa kila mara. Alipokwenda kupimwa aliambiwa ana presha, na uzito wake umezidi. Apunguze mafuta, chumvi na sukari, na atembee zaidi. Aliporudi nyumbani alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Halafu akaniambia, "Mwanangu, mtu kazi yake ni mafuta, naye aambiwa apunguze mafuta! Sasa nifunge kibanda, tule hewa?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu nililolitafuta tangu siku ile.

1. UNENE HUPIMWAJE?

Si kila mtu mwenye mwili ni mgonjwa, wala si kila mwembamba ni mzima. Ndiyo maana wataalamu hawatumii macho, wanatumia hesabu. Chukua uzito wako kwa kilo, uugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mfano, mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 80:

1.60 x 1.60 = 2.56
80 ÷ 2.56 = 31.25

Jibu likiwa kati ya 18.5 na 24.9, uzito ni wa kawaida. Kuanzia 25, uzito umezidi. Kuanzia 30, huo ni unene wa kupindukia. Basi mtu wetu wa mfano ameshavuka mpaka. Lakini angalieni sana, wanafunzi wenzangu: viwango hivi ni vya watu wazima. Sisi ambao bado twakua tuna chati zetu zinazofuata umri, kwa hivyo mtu asijipigie hesabu hii darasani kisha akaanza kujinyima chakula.

Kuna njia nyingine nyepesi, ya utepe wa fundi cherehani. Pima kiuno. Mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanamume akizidi 94, hatari ya maradhi huanza kupanda. Sababu ni kwamba mafuta yanayokaa tumboni, kati ya viungo vya ndani, ndiyo mabaya zaidi kuliko yale ya mapajani.

2. HALI ILIVYO NCHINI

Wengine watasema hayo ni mambo ya Wazungu. Hebu tutazame takwimu. Katika utafiti wa afya na watu wa Kenya wa mwaka 2008/09, wanawake 25 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2014 walifika 33. Mijini walikuwa 43 katika kila 100, na mashambani 26. Katika utafiti wa mwaka 2022, wanawake wa miaka 20 hadi 49 walikuwa 45 katika kila 100. Yaani karibu nusu!

Wanaume nao wasicheke. Utafiti wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza uliwapima watu wa miaka 18 hadi 69, na wanaume karibu 18 katika kila 100 walikuwa wamezidi uzito. Wanawake walikuwa karibu 39.

Jambo la kushangaza ni kwamba unene na njaa ni majirani. Huo utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 18 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na katika kaunti ya Kilifi, hapo tu ukishavuka Mtwapa, ni 37. Kwa hivyo tusidhani unene ni ugonjwa wa matajiri. Katika nyumba moja unaweza kumkuta mama mnene na mtoto aliyedumaa, na wote wawili wamekula chakula kimoja: kinachoshibisha lakini hakijengi mwili.

3. UNENE UNATOKA WAPI?

(a) Sufuria na karai

Mwili hupata nguvu kutoka kwa chakula, na nguvu hiyo hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Sasa fikiria kiazi. Kikichemshwa ni kiazi tu. Kikichovywa kwenye unga wa ngano na kuzamishwa kwenye mafuta yanayochemka, kinabeba mafuta hayo na kuingia nayo tumboni. Muhogo ni vivyo hivyo, hata samaki.

Mabibi zetu walikula wali wa nazi, ni kweli, lakini si kila siku. Siku nyingi ilikuwa sima kwa mchicha au mchunga, samaki wa kuchoma, muhogo wa kuchemsha na mbaazi. Pilau na biriani vilingoja arusi na sikukuu. Leo mafuta ya kupikia yanauzwa kwa vipimo vidogo hata mtu asiye na pesa aweza kununua, na chakula cha kukaanga kinapatikana kila pembe. Mtu anayerudi kutoka kazini na shilingi chache mfukoni anatafuta kitu kitakachomshibisha upesi, na kitu hicho kiko kwenye karai. Simlaumu. Ndiye mteja wa mamangu.

Mboga na matunda nayo tumeyasahau. Utafiti wa 2015 ulipata kwamba watu 94 katika kila 100 hawakula kiasi kinachotakiwa, ambacho ni sehemu tano kwa siku. Nasi tuko karibu na soko la Kongowea, ambako malori hushusha machungwa na maembe kila siku!

(b) Kikombe cha chai

Hili nalo nimelipiga hesabu nyumbani kwetu. Tuko watu sita. Kilo mbili za sukari, mbali na ile ya biashara, huisha kwa wiki moja. Gramu 2,000 ukigawanya kwa siku 7, kisha kwa watu 6, kila mmoja anapata gramu 47 na ushei kwa siku, karibu vijiko kumi na viwili vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anayehitaji kalori 2,000 kwa siku asifikishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa, na ingekuwa bora zaidi asipite 25. Sisi tulikuwa tumekaribia ukingo kabla hata ya kuhesabu soda. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, yaani kalori 120. Kuzitumia kalori hizo, mtu wa wastani atembee upesi kwa nusu saa hivi.

(c) Miguu yetu

Hapa kuna habari njema yenye mwiba ndani yake. Mwaka 2015, watu 6 au 7 tu katika kila 100 ndio hawakufikisha kiwango cha mazoezi kinachotakiwa. Wakenya wengi hujisogeza vya kutosha. Lakini je, ni mazoezi ya kupenda? La! Ni kazi na safari za miguu: kubeba maji, kulima, kusukuma mkokoteni, kuteremka na kupanda ile njia ya feri. Mazoezi yetu ni ya lazima, na ya lazima huisha pindi mtu apatapo nafasi. Ukipata shilingi za tuktuk, umeacha kutembea. Ukipata kazi ya kukaa, umeacha kubeba. Zamani mtu akitoka Mtongwe alikwenda kwa miguu hadi kivukoni bila kuona ajabu. Siku hizi bodaboda inamngoja mlangoni.

Kwa sisi wasichana jambo ni gumu zaidi. Tukiwa wadogo twaruka kamba mpaka jua linakuchwa. Tukifika sekondari, twaambiwa tumekuwa wakubwa. Ukikimbia njiani asubuhi, watu watauliza wamfukuza nani. Viwanja ni vya wavulana, na vyenyewe vinazidi kujengwa nyumba. Tena katika shule nyingi kile kipindi cha michezo hugeuka kipindi cha hesabu mtihani unapokaribia. Vijana wa umri wetu wanahitaji kujisogeza kwa dakika 60 kila siku, na wengine wetu hatuzipati hata kwa wiki.

(d) Sifa

Mtu akinenepa kwetu huambiwa, "Mashaallah, umenawiri!" Akikonda huulizwa, "Kwani u mgonjwa? Huli?" Bi harusi mwembamba husemwa kwao hakuna chakula. Na katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa ukiua watu bila dawa, wembamba uliogopwa zaidi, kwa sababu mtu aliyekonda alisemwa tayari anao. Kwa hivyo wazazi wetu waliukumbatia unene kama hati ya uzima. Tusiwacheke, walikuwa na sababu. Lakini sababu hiyo imepitwa na wakati.

4. MADHARA YAKE

Kwanza ni kisukari cha aina ya pili. Mwili una homoni iitwayo insulini, ambayo ni kama ufunguo unaofungulia sukari mlango iingie kwenye seli. Mafuta yakizidi, hasa ya tumboni, kitasa hukataa ufunguo, na sukari hubaki ikizunguka kwenye damu. Pili ni presha. Moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi, na mishipa huchoka. Mwisho wake ni kiharusi au maradhi ya moyo na figo. Tatu ni maumivu ya magoti na mgongo.

Ubaya wa presha ni kuwa haibishi hodi. Mwaka 2015 karibu robo ya watu wazima waliopimwa walikuwa nayo, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini je, yule asiyejua kwamba anayo?

5. TUFANYE NINI?

Sitasema tuache kula mahamri. Nikisema hivyo nitafukuzwa nyumbani, tena kwa haki! Nitataja yale tuliyoyajaribu sisi.

Chai: tulipunguza kijiko kimoja kimoja, si kwa siku moja. Sasa kilo mbili zinatufikisha siku kumi na moja.

Chakula: nyumbani twachemsha muhogo na viazi vitamu badala ya kukaanga, na mboga hujaa nusu ya sahani. Chumvi haiongezwi mezani. Kwa siku nzima mtu mzima hatakiwi kupita kijiko kimoja cha chai cha chumvi.

Kibanda: Mama sasa ana sufuria mbili kando ya karai, moja ya mahindi ya kuchemsha na moja ya mbaazi. Mwanzo wateja walipita tu. Sasa wazee wenye presha zao huja kuuliza mahindi. Faida si kubwa kama ya viazi, lakini sufuria hairudi nyumbani imejaa.

Miguu: jioni baada ya kufunga kibanda, mimi na Mama hutembea nusu saa. Siku tano kwa wiki ni dakika 150, nacho ndicho kiwango cha chini kwa mtu mzima. Siku ya kwanza jirani aliuliza, "Mwaenda wapi?" Mama akajibu, "Hatwendi popote, twatembea tu." Jirani alicheka sana. Wiki ya tatu akatoka na leso yake, akaungana nasi.

Ama shuleni, ombi langu ni moja: kipindi cha michezo kiwe cha michezo, na wasichana wapate zamu yao ya uwanja.

Mwisho, tuache kuwacheka wanene. Mtu akidhihakiwa hujificha ndani, na aliyejificha hatembei. Aidha, tusinunue vidonge na chai za kukondesha zinazouzwa ovyo mitaani. Aliyezidi uzito ashauriane na daktari.

Sitawadanganya kwamba Mama amepona. Bado anameza dawa zake kila siku, na karai bado liko jikoni. Lakini juzi alirudi kliniki, akaambiwa presha imeteremka. Alipofika nyumbani aliniita, akasema, "Hebu niandikie hizo hesabu zako za sukari, nikamwonyeshe shangazi yako." Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeanza kuziba.

MSAMIATI

Kalori: kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula.
Kudumaa: kutofikia kimo kinacholingana na umri.
Kunawiri: kuwa na siha na kupendeza.
Kiharusi: ugonjwa wa ghafla wa ubongo unaoweza kupoozesha upande wa mwili.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Pima sukari inayotumika kwenu kwa wiki moja, uigawe kwa siku na kwa watu. Umepata gramu ngapi kwa kila mtu?
2. "Mazoezi ya lazima huisha pindi mtu apatapo nafasi." Jadili kwa mifano ya mtaani kwenu.
3. Taja methali mbili zinazofaa makala haya, uzieleze.
4. Mpikaji wa kando ya njia afanye nini ili alinde afya ya mteja bila kupoteza riziki yake?