Mapatano ya Biashara na Watu Wavukao Mpaka wa Sirari

Katika mkoa wetu wa Mara barabara kuu yatoka Bunda, yapita Makutano na Tarime hata kufika Sirari, na ng'ambo yake ni Isebania katika nchi ya Kenya. Mpaka huo ni mstari uliopatanwa na Waingereza na Wajerumani mwaka wa 1886, nao uliwagawanya Wakuria wakawa watu wa nchi mbili bila kuulizwa. Yafaa tujifunze mapatano yanayoutawala mpaka huo sasa, kwa kuwa wengi huuvuka wakitafuta kazi, wala hawajui wamepewa nini na wamenyimwa nini.

Mwaka wa 1967 Nyerere wa Butiama, pamoja na Kenyatta na Obote, alitia sahihi huko Kampala mkataba wa Jumuiya ya kwanza. Jumuiya ile ilivunjika mwaka wa 1977, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hata mwaka wa 1983. Wazee wa Tarime wakumbuka. Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na kabla ya siku hamsini kutimia, mkataba wa Jumuiya mpya ukatiwa sahihi mjini Arusha.

Kwanza vitu vilifunguliwa mlango. Tangu mwaka wa 2005 nchi za Jumuiya zina umoja wa forodha, na bidhaa iliyotoka katika nchi hizo hupita bila ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha asili. Hata mchuuzi mdogo hakusahauliwa: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 hupewa cheti chepesi pale pale mpakani. Mama mwenye magunia ya dagaa wa Musoma aweza kukipata bila kwenda mjini mkuu.

Je, watu nao? Soko la pamoja lilianza tarehe 1 Julai 2010. Mapatano yake yasema mfanyakazi wa nchi mwenzi asibaguliwe kwa ajili ya uraia wake, wala katika kuajiriwa wala katika mshahara, na ya kuwa aweza kufuatana na mwenzi wake wa ndoa na watoto. Maneno mazuri. Lakini kila nchi iliandika orodha ya kazi inazozifungua, nazo orodha hizo zaelekea zaidi kwa wenye elimu na vyeti. Kijana wa Bunda aendaye kupalilia shamba la mtu huko ng'ambo hakufikiriwa sana. Gunia la mahindi lina njia pana kuliko yeye aliyelilima.

Tena, lililofunguliwa laweza kufungwa nusu. Mwezi wa Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri kuwakataza wasio raia kufanya biashara za namna 15, mojawapo ikiwa kununua mazao shambani. Kenya ilinung'unika, ikisema kwamba amri hiyo yapingana na soko la pamoja. Nia ya kuwalinda wachuuzi wetu yaeleweka, nami siilaumu. Lakini mkulima wa Butiama mwenye maharagwe ghalani hutaka wanunuzi wengi, si wachache. Na mnunuzi akibaki mmoja, bei huwa yake. Ulinzi wa mmoja hulipwa na mwingine, na mara nyingi alipaye ndiye asiyeitwa barazani.

Turudi kwa mtafuta kazi. Mgeni wa Jumuiya huweza kupewa ruhusa ya kukaa hata miezi sita, na wengi hudhani ruhusa hiyo ni ya kazi pia. Sivyo. Mwenye mkataba wa kazi upitao siku 90 hupasa kuomba kibali cha kazi katika siku 15 za kazi tangu kuufunga. Asiye na kibali, tajiri wake akimzuilia mshahara, huogopa kwenda kushtaki, maana atakayeulizwa kwanza ni yeye mwenyewe. Matajiri wabaya walijua neno hilo zamani.

Basi katekista anayeombwa na kijana kumwandikia barua ya kwenda ng'ambo amwulize: Mkataba umeandikwa, au ni neno la mdomo tu? Mshahara umetajwa kwa shilingi za nchi gani, nao hulipwa lini? Unayo pasipoti au hati ya safari ya muda kutoka Idara ya Uhamiaji? Nani atakayeomba kibali, wewe au tajiri? Nakala ya majibu hayo ibaki nyumbani kwa wazazi wake.