Mpe Mtoto Mzigo Kabla ya Kumpa Jina

Fika Irente, kwenye milima ya Usambaa karibu na Lushoto, asubuhi, ukungu ukiwa unaanza kupanda, ukae juu ya mwamba. Karibu mita 1,000 chini yako iko Mazinde: mashamba ya mkonge yenye mistari iliyonyooka, reli, na barabara kuu iendayo Moshi. Sasa waweke hapo watoto wawili wa miaka 10. Mmoja kaja kwa gari na wazazi wake kutoka Dar es Salaam, na anaomba simu apige picha. Wa pili ni binti mwenye tita la majani ya ng'ombe kichwani. Naye anatazama kulekule chini, ila anatafuta basi, kwa sababu baba yake aliteremka Mombo juzi kusaka kibarua na hajarudi.

Mwamba ni mmoja, lakini kila mtoto ana bonde lake. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya mwandishi. Wengi wetu huikwepa kwa sentensi moja ya haraka: "Alizaliwa katika familia maskini." Mtoto hajui neno tabaka. Anajua uzito wa ndoo. Hizi hapa njia nne za kumjenga mhusika mtoto kuanzia hapo.

1. Anza na mikono

Kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, andika siku nzima ya mtoto wako, tangu kuamka hadi kulala. Nani anamwamsha? Anabeba nini? Nani anakula kabla yake? Kisha chagua tendo moja na ulisogelee.

Tuseme ni msimu wa karoti. Mtoto yuko mtoni, Julai, maji baridi mpaka vidole vimekufa ganzi. Anasugua karoti moja moja kabla hazijafungwa kwenye magunia ya lumbesa na kupakiwa kwenye lori la kwenda soko la Kariakoo. Njaa inamuuma. Anaokota karoti iliyovunjika, anaitafuna. Zile nzima hazigusi, na hakuna aliyemkataza: karoti nzima ni sare ya shule. Hapo umekwisha kueleza uchumi wa nyumba yao, na neno "maskini" hukulihitaji.

2. Sikiliza anavyoitwa, na mlango upi unafungwa

Rangi na asili humfikia mtoto kupitia midomo ya watu na milango ya nyumba. Katika riwaya ya *Vuta N'kuvute*, Adam Shafi anatupatia Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, aliyeozwa akiwa na miaka 15 kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Anapomkimbia mume, jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, rafiki yake Mswahili. Nani kafungua na nani kafunga: hapo msomaji anaielewa Zanzibar ya kikoloni bila kuhutubiwa.

Fanya hivyo nawe. Kama hadithi yako iko Lushoto ya wakati wa Waingereza, kumbuka kwamba shule za Tanganyika zilitengwa: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Mtoto wa mpishi na mtoto wa mwenye shamba Mzungu wanaweza kucheza gololi uani Jumapili nzima. Jumatatu asubuhi kila mmoja anashika njia yake. Andika Jumatatu hiyo.

3. Mhamishe, uone kinachobadilika

Mahali huamua mtoto ni nani. Milima hii ina ushahidi wake. Katika *Habari za Wakilindi*, Abdallah bin Hemedi anasimulia habari za Mbegha, aliyekuwa kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Kwao Nguu hilo lilikuwa mkosi, na alinyimwa urithi. Alipofika Usambaa, mwindaji mwenye mbwa na nyama ya kugawa, watu walimfanya mtawala wao. Meno ni yaleyale.

Kwa hiyo jiulize: ni wapi ambapo aibu ya mtoto wangu ingekuwa sifa? Yule binti wa majani, mpeleke Dar es Salaam akafanye kazi za ndani. Akiwa Irente anajua kila njia ya mkato na kila ng'ombe kwa jina. Mjini anaambiwa hajui hata kuwasha jiko. Kama hakuna kinachobadilika unapomhamisha, basi mahali pako ni pambo tu.

4. Mwache asielewe yote, lakini achague

Yusuf wa Abdulrazak Gurnah, katika *Paradise*, ana miaka 12 anapoondoka na tajiri Aziz. Hajui kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kwa kuwa yeye hajui, sisi tunaumia zaidi. Usimpe mtoto maneno ya mwanaharakati. Mpe swali ambalo watu wazima hawalijibu.

Ila asiwe bango la kuonyesha dhiki. Mpe ubishi, ujanja, kitu anachokipenda. Binti wetu anaweza kuchelewesha majani makusudi, akae mwambani ahesabu mabehewa.

Zoezi

Andika watoto wale wawili wakikutana Irente. Andika mara mbili, kila mara kwa macho ya mmoja. Usitumie maneno maskini, tajiri wala jina lolote la rangi au kabila. Ukimaliza, mtafute mtu aliyekulia mlimani, msomee kwa sauti, na pale atakaposema "hapana, sisi hatufanyi hivyo," futa.

Futa bila kinyongo. Binti mwenye tita anasoma shule, na siku moja kitabu chako kinaweza kuwa mezani pake. Atakapofika kwenye ukurasa wa majani, shingo yake itajua kama uliwahi kuuliza uzito wa tita hilo.